Saumu Nne za Mama Yangu

Nilianza kusikia kijiko kikikwangua sufuria. Nikafumbua macho, chumba bado giza, na moyo ukanienda mbio, maana Ramadhani ilikwisha kitambo na hakuna aliyekuwa na sababu ya kula daku katika nyumba ile ya Ujiji.

Nilimkuta bibi jikoni anamalizia ugali na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese. Daktari alikuwa amemkataza kufunga: sukari ingeweza kumshuka akiwa peke yake, akazimika. Ndiyo maana niliomba likizo nikaja kukaa naye. Nilipomkumbusha, akaniambia nirudi kulala. Mke mwenza gani huyu, akanitania, ana wivu hata na kiporo.

Alikuwa akilipa saumu za zamani. Alizaa watoto wanane, na kwa kila mimba, kila mtoto wa kunyonya, alikula siku kadhaa za Ramadhani. Alizilipa kwa majina ya watoto. Za mjomba mkubwa alizimaliza miaka ile akibeba dagaa kichwani kutoka mwalo wa Katonga. Sasa zilibaki nne, zote za mama yangu, kitindamimba wake, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Shehe alishamweleza kwamba mgonjwa hulisha maskini, inatosha. Bibi akamjibu kuwa maskini atashiba, sawa, lakini njaa ya mwanawe ataisikia nani?

Mchana kutwa nilimzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Yeye alichambua mchele, akanicheka. Alasiri aliposujudu alichelewa kuinuka. Nilipomshika bega, kanga ilikuwa imelowa jasho, baridi. Nikamketisha kwenye mkeka karibu na mlango, nikakimbilia jikoni kukoroga chai yenye sukari.

"Kunywa, bibi. Nakuomba."

Akauliza magharibi iko mbali kiasi gani. Nikamwambia iko mbali.

"Mama yako hakuwahi kunidai kitu," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Ni hiki tu."

"Mimi nakudai. Nimebaki na wewe peke yako."

Alinitazama. Kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili, chai ikimwagika mkekani, akapiga funda moja, akasita.

"Toka," alisema. "Nitaimaliza. Lakini usinitazame nikiila siku ya mama yako."

Nikatoka barazani. Akausukuma mlango kwa mguu, ukafungwa nyuma yangu.