Kiti cha Mbele ni cha Kifungua Mimba

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa, na nawataja mapema ili asiyekuwepo asije akajifanya shahidi sokoni: mimi Onyango, kifungua mimba wa marehemu Ogola, dada yangu Atieno anayenifuata, ambaye ni mhandisi wa maji na hupanda ndege kama sisi wengine tunavyopanda bodaboda, mhudumu mmoja wa ndege, binti mpole, jina kifuani Naliaka, mwanamume wa kadi ya fedha, ambaye jina lake sikulijua na sitaki kulijua, mama mmoja wa Kehancha aliyevaa kofia ya sufi, na abiria wa ndege nzima, kila mmoja na simu yake. Ndugu yetu wa mwisho, Ochieng', hakuwepo, maana yeye alikuwa akitungoja Nairobi, na ni kwa ajili yake tulisafiri. Niliaibika, ndiyo, sikatai. Lakini kuaibika si kukosea, na hilo ndilo watu wa Rangwe wanaokuja kusaga mahindi kwenye mashine yangu hawataki kulielewa.

Mwelewe kwanza nilikotoka. Wazazi wetu walituacha kule Lambwe nikiwa darasa la saba, nikaweka kalamu chini nikashika jembe, na tangu siku hiyo mimi ndiye baba na mimi ndiye mama (na kupika ugali nilijua vibaya, Atieno atawaambia). Na kwetu mkubwa hutangulia. Yeye ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini, yeye ndiye huonja mavuno mapya, yeye ndiye hujenga kwanza na kuoa kwanza. Mdogo akimruka mkubwa, wazee wanasema analeta chira, laana inayomnyausha mtu akiwa bado anatembea. Mimi si wa kuamini kila kitu, lakini nimesagia watu wa kila dini na sijaona hata mmoja aliyejitolea kuijaribu hiyo chira aone. Ochieng' mwenyewe alinisubiri nioe ndipo amtafute wake, na mimi sikuwa na haraka, kwa hiyo kijana alisubiri sana, maskini.

Basi akampata binti huko Nairobi, na wakwe wakasema wazi kwamba hawatazungumza na kijana asiye na mkubwa wa kumsemea. Mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu mvua ilikata barabara. Shangazi wa binti, ambaye ndiye mwenye kauli pale nyumbani, akatuma ujumbe kwamba mara ya pili watangoja hadi saa sita mchana, na mara ya tatu haipo. Ndiyo maana Atieno akasema safari hii hakuna barabara, tutaruka kutoka Kisumu asubuhi. Mimi sikuwahi kupanda ndege. Nilinunua shati jeupe.

Sasa sikilizeni jambo dogo lililozaa makubwa. Njiani kwenda uwanjani Atieno alinieleza kuhusu kadi yake ya dhahabu. Alisema mashirika ya ndege huuza viti vya nyuma kupita vilivyopo, kwa kuwa kila siku kuna watu wasiotokea, na ikitokea wote wamefika, inabidi wengine wapandishwe daraja la mbele bila kuongeza chochote. Na hawaokoti tu mtu yeyote, wanaanza na wenye kadi ya dhahabu, wakimaliza wanakuja wa fedha, halafu waliokata tiketi ya bei kubwa, na wanaosafiri peke yao hupata upesi kuliko walio wawili. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe uko na mimi, Kaka. Tutaona." Hiyo "tutaona" mimi niliichukua kama imeshaonekana. Nikapiga simu Rangwe, nikawaambia vijana wa mashine kwamba leo mkubwa wao anakaa mbele, na vijana wakawaambia wateja, na wateja, kama mnavyowajua.

Kwenye kaunta ndege ilikuwa imejaa hadi pomoni. Binti wa kaunta akatazama kompyuta yake, akamwambia Atieno hongera, umepandishwa mbele. Atieno akamwomba ampandishe kaka yake badala yake. Akajibiwa kwamba nafasi hufuata kadi na haihamishiki. Akiikataa itakwenda kwa anayefuata, na anayefuata alikuwa amesimama nyuma yetu, mwanamume wa suti ya kijivu aliyeshika kadi yake ya fedha ionekane, kama mtu anayesubiri kuitwa kula. Nikauliza kwa adabu mimi niko wapi kwenye hiyo orodha. Binti akasema asiye na kadi yuko chini. Nikauliza chini ya nani.

"Chini ya wote, mzee," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Nikapewa kiti cha kumi na tisa, cha katikati. Atieno akaniomba radhi mpaka nikaona haya. Nikamwambia si kitu. Kumbe kilikuwa kitu. Miaka minne nilimbeba kwa baiskeli kwenda shule, mimi mbele yeye nyuma, na hakuna aliyetuuliza kadi.

Wakati wa kupanda Ochieng' akapiga simu. Alikuwa ameshafika kwa wakwe na anauliza tena na tena tuko wapi, na Atieno akabaki mlangoni akimtuliza. Mimi nikatangulia. Na ndege, kama hamjui, ina ujeuri huu, kwamba ukienda nyuma lazima kwanza upitishwe pale mbele uone unachokosa. Nikakiona kiti cha Atieno, kipana, cha dirishani, kitupu. Nikasema moyoni nikipime tu, nijue dada yangu anakaa mahali pa namna gani. Nikakaa. Nikafunga mkanda, maana nilionyeshwa kwamba ukikaa unafunga mkanda. Wallahi nilitaka kuinuka. Ila Naliaka akaja na orodha yake kwenye tableti, akauliza, "Ogola?"

Sasa mlitaka niseme nini? Mimi ni Ogola tangu kuzaliwa. Nikaitika. Naye akatabasamu, akainama kidogo, akasema, "Karibu tena. Tunakushukuru sana kwa uaminifu wako."

Ndugu zangu, nimelea watoto wa mama yangu mpaka wakawa watu, sikuwahi kuwakimbia, sikuwahi kuwaacha kwa jirani hata siku moja, na mtu wa kwanza kunishukuru kwa uaminifu alikuwa binti wa ndege. Nani angeinuka hapo? Akaniletea glasi ya kitu chekundu, bitiruti na tangawizi bila sukari, akasema ni kama kawaida yangu. Nikanywa kawaida yangu. Ina ladha ya udongo wa shambani baada ya mvua, lakini nikanywa na kidole kimeinuka.

Atieno akaingia. Akatazama kiti, akanitazama mimi, akatazama glasi. Akaniangalia vile alivyoniangalia siku nilipomshonea sare ya shule kwa uzi wa magunia. Mdogo hamwinui mkubwa wake kitini mbele za watu. Alipita tu na mkoba wake mpaka kumi na tisa, akaketi katikati. Na hapo ingekwisha, tungefika Nairobi kwa amani, kama si yule wa kadi ya fedha, aliyekuwa amekaa mara tu baada ya pazia linalotenga mbele na nyuma, shingo imenyooka kama ya korongo.

Akaja akasimama juu yangu. Akasema kiti hiki alipewa yule dada wa kadi ya dhahabu, na kama yeye hakitaki, basi kinakuja kwake. "Mimi ndiye ninayefuata," akasema.

"Ni kweli, wewe unafuata," nikamwambia. "Mimi ninatangulia."

Akamwita Naliaka. Naliaka akaomba pasi yangu ya kupandia, nikampa, akaona kumi na tisa, akaniambia polepole kwamba mfumo unamjua Ogola mwingine, mwanamke. Nikamwambia Ogola alikuwa mmoja, amelala Lambwe, na mimi ndiye ninayekaa mahali pake. Hapo watu wa nyuma wakaanza kusimama. Yule mama wa Kehancha, aliyekuwa jirani na Atieno na kumbe alishapewa habari yote, akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe kwamba hata Ukuria mkubwa hutangulia, na kwani kiti kikikaliwa na mkubwa kitakufa? Kijana mmoja akaniunga mkono, "Buda ako sawa," yaani mzee ana haki. Mwingine akasema tunachelewa kwa sababu ya mzee na juisi. Wa kadi ya fedha akaeleza orodha nzima, dhahabu, fedha, nauli, kama mwalimu wa dini, na simu zote zikawa juu, na mimi nimeshika glasi na nimefunga mkanda, nikisema nioneshwe kadi ya mtu aliyezaliwa kabla yangu katika nyumba yetu ndipo nitoke.

Mlango ukafunguliwa tena. Akapanda mfanyakazi wa uwanja, mwanamume wa fulana inayong'aa, asiye na mzaha, akasema mambo ni mawili, niende kumi na tisa au nishuke kwenye ndege, na nikichagua kushuka basi na mwenye kiti aliyeniachia atashuka nami, maana naye amevunja utaratibu. Nilikuwa tayari kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Ndipo Atieno akaja kutoka nyuma, akachuchumaa kando yangu kama alivyokuwa akichuchumaa jikoni, akasema kwa sauti ya chini.

"Kaka, wakitushusha, nani atamsemea Ochieng'?"

Nikainuka. Yaani, nilijaribu kuinuka, kwa sababu mkanda ulikuwa bado umefungwa, ukanivuta chini, na kawaida yangu yote ikamwagika kwenye shati jeupe kuanzia kola mpaka tumboni. Kuna mtu alicheka mpaka akakohoa. Naliaka akanifungua mkanda kwa mkono wake, na huo ndio wakati nilipoona aibu ya kweli, kufunguliwa kama mtoto.

Na wa kadi ya fedha? Alishachukua begi lake. Atieno akasema twende tukae wote nyuma. Nikakataa. "Keti hapa," nikamwambia, mbele za wote. "Nimekwisha kukikalia. Mbegu ya kwanza iko ardhini. Sasa njia ni yako, keti." Akaketi. Aliziba uso kwa mikono na mpaka leo hataki kuniambia alikuwa analia au anacheka. Bwana wa fedha akarudisha begi lake juu, na mimi nikatembea ile njia yote mpaka kumi na tisa, mwekundu kama mtu aliyetoka kuchinja, kichwa juu.

Mama wa Kehancha akaniuliza huko mbele kulikuwaje. Nikasema miguu inanyooka. "Basi," akasema, "na huku tutafika." Lakini ndege ilikuwa imepoteza zamu yake ya kuruka, tukakaa tukingoja nyingine, na video ikafika Rangwe kabla magurudumu hayajaacha Kisumu.

Kwa wakwe tuliingia saa sita ikiwa imepita vizuri tu. Ochieng' alikuwa mlangoni, macho kama ya panya aliyetegwa, akaninong'oneza, "Sema ni jam, bro, sema tu ni jam." Viti vya mbele vilikuwa vimekaliwa. Kilichobaki kilikuwa cha plastiki, karibu na mlango, ambapo kuku hupita. Shangazi wa binti akanitazama shati, akauliza mkubwa wa nyumba yetu ameoga nini. Ningeweza kusema foleni. Nikasimulia yote, kutoka kaunta mpaka mkanda, bila kuficha kitu na bila kuomba msamaha, na nikamaliza kwa kusema kwamba kama nilipigania kiti cha saa moja namna hiyo, wajue nitamsimamiaje binti yao akiwa ndani ya nyumba yetu.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi alikaza uso asicheke, akasema, "Foleni ningeisamehe. Kiti sikisamehi." Kisha akaniruhusu kusema, na nikamsemea mdogo wangu kutoka pale mlangoni, kwenye plastiki, na wakatukubali. Mlango haukuzuia sauti yangu kufika. Ila kuchelewa kuna faini, na alitaja faini yenyewe: beberu, asiye na kilema, aliyekwisha kuota ndevu, aletwe na mkono wa aliyechelewa.

Shirika la ndege nalo limenitumia kadi. Ya buluu. Atieno anasema hiyo ndiyo ngazi ya chini na kila mtu huanzia hapo. Nimeipigilia msumari ukutani, juu ya mashine. Sitakaa tena kwenye kiti chenye jina la mtu mwingine, hilo nimeapa, lakini siapi kwa sababu sikustahili. Naapa kwa sababu shati lile halikutakata.

Atieno anataka anunue beberu kule kule Nairobi ayamalize. Nimemkatalia. Nitampeleka mwenyewe kwa barabara, nikiwa mbele na dereva, na beberu nyuma, maana hata yeye ana mkubwa wake. Ninaye tayari, anakula pumba hapa mlangoni na wateja wamembandika jina Dhahabu. Kila asubuhi kabla sijawasha mashine namshika kidevu na kukipapasa. Bado laini.