Mbao Inapita

Siku ya kwanza ya mazoezi, kocha wetu alikuja uwanjani bila mpira. Tulidhani ameusahau. Nahodha akataka kukimbia kwenda kuuchukua.

"Kaa pale," kocha akasema. "Mupira iko mu likizo. Mulete babouche zenu."

Kocha wetu ni mama. Asubuhi anauza viatu vya mitumba sokoni, jioni anatufundisha basketi kwenye uwanja wa saruji nyuma ya parokia. Zamani alicheza yeye mwenyewe, na hata leo akisimama mbele yako na kufungua mikono, hupiti. Sote tunamwita maman coach. Jioni ile aliamuru kila mmoja avae raba zake, kisha zile babouche, yaani ndara alizokuja nazo, azishike mikononi, moja kulia, moja kushoto. Hivyo ndivyo tungejifunza kumzuia mtu.

"Mikono yenu iko na tabia mbaya," alisema. "Mutu akiwapita, munamukamata nguo. Sasa mikono iko na kazi ya kushika babouche. Tuone kama muko na miguu."

Tulicheka, lakini hatukucheka sana. Juma lililotangulia tulikuwa tumecheza mechi ya kirafiki na vijana wa mtaa wa Kasha, hapa hapa kwetu, na walitupiga mpaka watoto waliokaa ukutani wakaacha kuhesabu vikapu na kuanza kuimba. Mtu wa Kasha akichukua mpira, sisi tulimsindikiza tu mpaka chini ya kikapu, kama mgeni anayerudi kwake. Mrefu wetu, ambaye anagawa mikate kwa baiskeli tangu alfajiri, alikuwa akibaki mbele kupumzika wakati wengine tunarudi nyuma. Alisema anawasubiri watu wa Kasha wachoke. Hawakuchoka.

Basi tukaanza upya. Tuliteleza kwa miguu upande huu na upande ule, magoti yamekunjwa, ndara mikononi, kama watu wanaofukuza kuku. Na maman coach akaweka sheria ya bidon, lile dumu la maji. Chini ya ngazi za parokia kuna robinet, bomba la maji la mtaa. Ukimwacha mtu wako akupite, unachukua bidon ya njano, unashuka ngazi zote, unapanga mstari na mamans wa mtaa, unarudi na maji ya kunywa kwa timu nzima.

Siku za kwanza tulikuwa na maji ya kuoga. Mrefu alishuka na kupanda mpaka mamans wa robinet wakamzoea na kumpisha mbele ya mstari. Tulikunywa, tukanawa uso, tukanawa miguu, na bado yakabaki maji ambayo wanakwaya walikuja kuomba ili wasugue sakafu ya kanisa.

Lakini ngazi hazimchoshi mtu bure. Polepole Mrefu alianza kukunja magoti. Alianza kukimbia kurudi nyuma, kwanza akilalamika, baadaye bila kusema kitu kwa sababu pumzi ya kulalamika aliihitaji. Mpira ulirudi kutoka likizo, ndara tukaziweka pembeni, na mikono ikawa imesahau kukamata nguo. Jioni moja tulicheza sisi kwa sisi mpaka jua likaingia nyuma ya kilima, na bidon ilikuwa bado tupu. Hakuna aliyepitwa. Koo zilikuwa kavu kama mfuko wa simenti.

"Kaka, niache nipite," Mrefu alimwambia nahodha kwa sauti ya kubembeleza. "Kamoja tu. Tutakunywa sisi wote."

"Pita basi kama unaweza," nahodha akajibu. "Ama ushuke weye mwenyewe, mamans banakuulizaka."

Maman coach alisikia kiu yetu na akafurahi sana. Alishuka yeye mwenyewe kuleta maji.

Mimi nilikuwa na tatizo langu, na halikuwa miguu. Miguu ninayo. Ninafanya kazi na tonton, mjomba wangu, fundi wa vitanda na viti. Karakana yake iko katikati ya mteremko ambapo gari haifiki. Lori linamwaga mbao juu barabarani, nasi tunazishusha begani kwa njia nyembamba inayopinda kati ya nyumba. Mwaka mmoja wa kazi hiyo, ukivaa raba na kusimama kwenye saruji tambarare, unajiona unaelea.

Tatizo langu lilikuwa mdomo. Katika basketi, mchezaji mmoja wa upande mwingine anaweza kuja kusimama nyuma ya mgongo wako kama ukuta, ili mwenzake apite upande ule na wewe ujigonge. Sisi tunaita écran. Wewe unayegongwa huuoni. Anayeuona ni mwenzako wa nyuma, na kazi yake ni kupaza sauti kabla: écran, kushoto! Écran, kulia! Mwenzako wa nyuma, katika timu yetu, ni mimi. Niliona kila kitu. Sikusema kitu.

Hata shuleni, mpaka darasa la sita nilipoishia, ilikuwa hivyo. Mwalimu akiniuliza, jibu nilikuwa nalo, lakini lilifika mdomoni wakati yeye ameshamuuliza mwingine. Uwanjani, neno lilipofika kwenye meno, nahodha alikuwa ameshajipiga kwenye kifua cha mtu na mpira umeshaingia.

"Petit, unanichukia?" aliniuliza siku moja, akishika paji la uso. Nahodha anasoma chuo kikuu na anaongea hata akiwa anakunywa maji. "Sema tu! Kohoa! Piga mluzi! Nitajua."

Nilitikisa kichwa kukubali. Akatazama mbinguni.

Maman coach hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya wote, kwamba défense, yaani kulinda, ni nyumba ya watu watano na mmoja akiwa bubu mwizi anaingia kwa dirisha lake. Mechi ya marudiano kule Kasha ilikuwa ya mwisho kabla ya msimu kuanza, na baada yake angechagua watano wa kuanza. Msimu uliopita wote nilikaa kwenye benchi. Nililijua benchi lile mpaka msumari wake. Sikutaka kurudi pale, na sikujua jinsi ya kumwambia mtu yeyote kwamba sitaki.

Siku chache kabla ya mechi, nilikuwa nashuka na mbao ndefu begani, tonton nyuma yangu na mzigo wake. Kwenye njia yetu kuna desturi ambayo kila mtu anaijua, hata mtoto anayejifunza kutembea. Mwenye mbao haoni kona, na akigeuka, mkia wa mbao unafagia kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kila kona analia kwa nguvu, "Mbaooo!" Ukisikia hivyo hutazami, huulizi. Unaruka pembeni na kujibandika ukutani.

Nililia, "Mbaooo!" na nilipopinda kona nikamkuta maman coach amejibandika ukutani na gunia lake la viatu kichwani.

Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti.

"Kumbe sauti iko?"

Nikasimama. Tonton nyuma yangu akaniambia niendelee, bega linamuuma.

"Ile sauti," maman coach akauliza, "unaiachaka wapi ukikuyaka ku terrain ya basketi?"

Kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba ile ni sauti yangu. Pale njiani sikuwa nasema na mtu. Ni kama mbao yenyewe ndiyo inasema, mimi naibebea tu.

"Dimanche ukuye nayo," akasema. "Ukikuya bila sauti, utakaa na mie kandokando msimu yote. Benchi yetu iko kubwa."

"Maman, mutoto huyu hasemaki," tonton akanitetea. "Hata chakula anaombaka na macho."

"Papa, mie sitaki anibembeleze. Nataka apige kelele."

Dimanche, yaani Jumapili, baada ya misa tukawa Kasha. Uwanja wao ulikuwa umejaa, na vijana wao walitupokea kwa adabu ya watu wanaokungoja ili wakucheke. "Muko na babouche?" mmoja akauliza. Habari ilikuwa imefika.

Lakini safari hii hawakupita. Walijaribu kulia, wakakuta magoti yaliyokunjwa. Walijaribu kushoto, wakakuta kifua cha Mrefu, aliyekuwa amerudi nyuma akikimbia, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. Watoto wa ukutani wa Kasha hawakupata nafasi ya kuimba. Tulikuwa nyuma kwa vikapu vichache tu, na vyote vilitoka mahali pamoja: pale ambapo mnene wao alikuja kusimama nyuma ya nahodha, nami nikanyamaza. Maman coach hakunitazama. Alikuwa amesogeza gunia lake kwenye benchi, akaacha nafasi wazi ya mtu mmoja.

Karibu na mwisho, mnene akaja tena. Nilimwona akitoka mbali, akitembea kwa miguu yake mizito, akielekea mgongo wa nahodha. Nikafungua mdomo kutafuta lile neno. Halikuwepo. Mnene akakita miguu yake chini, mpana kama kabati. Nahodha alikuwa anarudi nyuma moja kwa moja kuelekea kwake. Na mimi nikaona kona, na mzigo, na mtu asiyeona.

"Mbaooo!"

Nahodha aliruka pembeni bila kutazama. Hilo nilitumaini. Sikutegemea kwamba mnene naye angeruka, kumbe Kasha nako wanabeba mbao. Aliruka upande wa pili, akajishika kichwa, na mwenzake mwenye mpira, aliyekuwa anakuja kwa kasi kupita nyuma yake, akamkanyaga. Wote wawili wakakaa chini. Mpira ukatambaa peke yake mpaka kwa nahodha, naye akauokota kama mtu aliyeokota kofia.

Uwanja mzima ulicheka, hata bibi mmoja wa pembeni ya mstari, aliyekuwa ameruka na kiti chake aliposikia mbao.

"Arbitre! Arbitre!" watu wa Kasha walilalamika. "Iko wapi mbao? Anadanganya batu!"

Mwamuzi alifikiri kidogo, filimbi mdomoni. "Sheria haikatazi mbao," akasema. "Tucheze."

Baada ya hapo nililia kila mara. Mbao kushoto, mbao kulia. Mnene alijizuia kuruka, lakini mabega yake yalitikisika kila niliposema, na nahodha hakugongwa tena. Tulishindwa kwa kikapu kimoja, kwa sababu Mrefu alikuwa amekimbia sana na mipira yake ya mwisho haikufika hata kwenye chuma.

Maman coach alitukusanya akiwa anacheka peke yake.

"Leo mumepoteza muzuri," alisema. "Kufunga tutajifunza. Kulinda munajua." Kisha akachukua gunia lake na kuliweka pale pale kwenye ile nafasi wazi ya benchi, akalipigapiga ili likae vizuri. "Hapa pako na mutu tayari. Weye wa mbao, utaanza. Lakini mbele ya arbitre ya championnat utasema écran, kama batu bote."

"Ndiyo, maman," nikasema, na ilitoka kwa wakati.

Njia nzima ya kurudi nilifanya mazoezi kwa midomo. Écran. Écran. Nahodha alinisaidia, na alifurahi sana kupata mtu wa kumsaidia kusema.

Kesho yake lori likamwaga mbao. Nikabeba ndefu kuliko zote, tonton nyuma yangu, tukashuka. Kabla ya kona ya kwanza nikajaza kifua na kulia kwa nguvu zangu zote:

"Écraaan!"

Nikapinda. Katikati ya njia alisimama maman mmoja na beseni la nyanya kichwani, hakusogea hata kidogo, ananitazama kwa upole.

"Écran iko nini, mutoto wangu? Unauzisha?"

"Hapana, maman," nikasema. "Iko mbao."

"Sasa si useme mbao!" akapiga kelele, akajibandika ukutani, nasi tukapita.