Lifti ya Nguzo Mbili

Mgongo wangu uliisha chini ya magari ya watu. Miaka ishirini na kitu nililala chali juu ya gunia, jeki kando, mawe mawili chini ya gari eti ndiyo usalama, oili ikinidondokea machoni. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba yetu hapa Sultan Hamud, banda la mabati tu, na sikuwahi kutaka kubwa kuliko hilo. Lakini ikafika mahali nikashindwa kuinuka. Mke wangu ndiye alikuwa akija kunivuta miguu nitoke chini ya gari, kama mtu anayezalisha ng'ombe. Daktari akaniambia wazi kwamba nikiendelea kulala chini, ipo siku nitalala kabisa. Sasa mtu ambaye hajui kazi nyingine afanye nini? Aende kuuza nyanya?

"Na hizo nyanya ndizo umekula jana," mke wangu akasema, maana yeye ndiye alikuwa anaziuza, kando ya barabara kuu. Mdomo wake haukuwa na breki. Nilimpenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo alinichokoza kila siku ya Mungu.

Tukauza ng'ombe wawili, tukaenda Malili kutafuta lifti ya kuinulia magari. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mtu wa Murang'a aliyehamia kitambo, anauza mashine za karakana zilizotumika. Alikuwa na lifti mbili uani. Ya kwanza ilikuwa na nguzo nne: gari linapanda juu ya njia mbili za chuma, magurudumu yakikanyaga, na mashine inasimama yenyewe hata ukiiweka shambani. Ya pili ilikuwa na nguzo mbili tu, na mikono minne ya chuma inayolishika gari tumboni. Magurudumu yanabaki hewani. Unafungua breki, unafungua springi, unalizunguka gari lote ukiwa umesimama. Makanika yeyote ukimwonyesha hizo mbili, ataenda kwa hiyo ya pili bila kuulizwa. Nilisimama chini yake nikanyoosha mikono juu, na mgongo haukuuma. Wacha niseme ukweli, machozi yalinilenga.

"Sakafu yako ikoje?" yule mzee akaniuliza.

"Namwaga mpya."

"Basi nisikize vizuri. Hii ya nguzo mbili inashikwa na sakafu peke yake. Bolti zinaingia kwa simiti, na simiti ndiyo inabeba kila kitu. Mwaga inchi nane. Halafu uinyweshe maji kila siku ndiyo ishike, wiki nne, usiruke hata siku moja. Kama hutaweza hiyo, chukua ya nguzo nne."

Mke wangu akanivuta shati. "Mzee wangu, tuchukue ya nguzo nne."

"Wewe mambo ya magari unajua nini?" nikamuuliza.

"Ya magari sijui. Ya maji najua. Wiki nne tutatoa maji wapi?"

Nikamwambia asiniaibishe mbele ya watu. Nikalipia ya nguzo mbili.

Mtu wa pwani au wa mlimani hawezi kuelewa sehemu hii, kwa hivyo nitaieleza polepole. Huku kwetu maji hayamwagwi. Maji yakishaosha mchele yanaosha sahani, yakishaosha sahani yanapewa mbuzi au mpapai. Mimi mama yangu alinichapa kwa sababu ya kikombe kimoja nilichomwaga, na mpaka leo nikisikia maji yakimwagika chini moyo unaruka. Na mwaka huo mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Tangi letu ukiligonga lilikuwa linalia debe tupu. Mkokoteni wa maji ulikuja mara mbili kwa wiki, na watu walitukanana kwa foleni, hata watu wa kanisa.

Fundi aliyemwaga sakafu alitoka Zombe, kule Kitui. Alikuwa mtu wa mvi, mpole, mwenye kupima mchanga kama anapima dawa. Alimwaga inchi nane kamili, nikiona kwa macho yangu. Akiondoka aliniambia, "Mimi nimemaliza yangu. Sasa imebaki kazi ya maji."

Siku tano mke wangu aliinywesha ile sakafu. Mitungi miwili asubuhi, miwili jioni, na magunia juu yake ili jua lisiyanyonye maji. Siku ya sita nilirudi kutoka sokoni nikakuta mbuzi wetu wameingia karakana, wamepiga magoti, wanalamba magunia. Nikapandwa na hasira ambayo hata sijui ilitoka wapi.

"Mbuzi wanakufa kiu na wewe unanywesha simiti?"

"Tuliambiwa wiki nne."

"Hii imekauka! Ni jiwe! Sikia!" Nikachukua nyundo nikaigonga, ikalia vizuri. Nikayatupa magunia nje, na mtungi uliokuwa umebaki nikawapa mbuzi wote. "Usiniletee tena huo upuzi."

Mke wangu akachukua beseni lake akarudi kwa nyanya.

Jua likaichoma sakafu wiki mbili na zaidi. Kisha tukatoboa matundu ya bolti. Simiti nzuri ukiitoboa, mashine inapiga kelele na mkono unakufa ganzi. Hii yangu mashine iliingia bila shida, na vumbi lililotoka lilikuwa laini kama unga wa ugali. Niliona. Nilijua maana yake, mimi si mjinga. Nililipuliza nikakaza bolti.

Miezi miwili nilikuwa mtu. Nilifanya kazi nimesimama wima, nikapunguza dawa za maumivu, hata nikarudi kuimba kwaya. Kila gari likipanda nilimwita mke wangu kwa dharau, "Na zile nguzo nne zako ziko wapi?" Naye alisonya, akacheka.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Nilikuwa nimeinua pikapu ya mteja mpaka juu. Mke wangu akaleta chai, akaiweka mlangoni kama kawaida yake, maana hakuwahi kuingia chini ya lifti hata siku moja.

"Kuja hapa," nikamwambia. "Kuja usimame chini uone vile bwana yako anafanya kazi siku hizi."

"Nimeona kutoka hapa."

"Woga tu. Kuja!"

Nikamshika mkono nikamleta mimi mwenyewe. Akaangalia juu. "Kumbe huku chini magari ni machafu hivi," akasema, akacheka. Mimi nikageuka kuchukua spana. Nikasikia kitu kikipasuka. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeng'oka na bolti zake, mabonge ya sakafu yakiwa bado yamezing'ang'ania, na pikapu ilikuwa inakuja kwa upande. Mke wangu aliruka. Karibu afike mlangoni. Mguu wa kulia haukufika.

Hospitalini waliukata juu ya goti.

Watu walitaka kujua ni kosa la nani, na walitaka kujua mapema. Siku ya pili tu, nje ya wodi, mmoja wa waumini akasema, "Huyo fundi wa Zombe lazima aliiba simiti." Mimi sikusema ndiyo. Nilitikisa kichwa, nikasema, "Mafundi wa siku hizi." Maneno hayo manne tu. Haikuisha wiki, yule fundi alikuwa amefukuzwa kwa nyumba mbili alizokuwa anajenga, na kanisa letu lilikuwa limempa kazi ya ukuta mtu mwingine.

Akaja wodini siku ambayo akina mama wa kanisa walikuwa wamezunguka kitanda. Alivua kofia akasimama miguuni pa kitanda. "Mama, mimi sikuiba simiti yenu. Hata mfuko mmoja. Mungu ananiona." Halafu akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake, kamasi zikimtoka.

Wote wakanigeukia. Mke wangu pia akageuza kichwa kwenye mto akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba za viatu waondoke. Nilijua anangoja nini. Nikaangalia chini.

"Mwacheni huyo," mke wangu akasema. "Ni mimi. Niliambiwa niinyweshe simiti maji wiki nne, nikaonea mbuzi huruma, nikaacha siku ya sita. Mzee wangu hakujua."

"Aiya, mama! Usijilaumu! Ni shetani huyo!" Wakamkumbatia, wakalia naye. Yule fundi akapiga magoti akamshika mkono, akamshukuru mara nyingi. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo cha hospitali mpaka walipoondoka.

Alipotoka hospitali nilimuuliza mara moja tu. "Mbona ulisema vile?"

"Nilikungoja," akasema. "Ukakataa kufungua mdomo. Na yule mtu ana watoto."

Hajalitaja tena. Ananipikia, ananitania, anauza nyanya zake akiwa ameketi. Wakati mwingine natamani anitukane mpaka majirani wasikie, lakini hanitukani.

Na kila Jumapili akina mama wanamwita mbele wamwombee. Mimi ndiye ninayemshika mkono tukienda, kwa sababu ngazi za madhabahu zinamsumbua. Wanamwekea mikono kichwani wanamwomba Mungu amsaidie ajisamehe kwa yale maji aliyowapa mbuzi. Yeye hufumba macho, anawaacha waombe. Wakimaliza kanisa zima husema amina, na mimi pia nasema, kwa sauti, ili asikie mtu yeyote anayesikiliza.