Nyuzi Nne za Besi ya Baba

Baba alitoka kiwanda cha kuchambua pamba na barua ya kupunguzwa kazi na masikio yaliyokwisha. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi walifika na mizani yao hadi kijijini kwetu Nkoma, chama chetu cha ushirika kikabaki na maghala matupu. Kelele za mashine zilikuwa zimemla usikivu kidogo kidogo. Furaha yake iliyobaki ni besi ya kanisa, ile kubwa inayopigwa mtu amesimama, waliyoiacha wamisionari. Akiikumbatia, mbao zilimtetemekea kifuani, na hapo alisikia.

Kisha nyuzi zikakatika. Mimi niliyekuwa mwalimu wa kwaya ndiye niliyehangaika. Nilikwenda Mwanza, nikakuta maduka yamejaa redio na kaseti mpya. Nyuzi za besi hakuna muuzaji aliyewahi hata kuziona. Eti kila kitu sasa kinapatikana. Nilirudi na nailoni nene ya kuvulia sangara na nyaya za klachi ya pikipiki. Baba mdogo akatuletea kano za ng'ombe alizozisokota mwenyewe.

Jumamosi Kuu tulizijaribu kanisani, sisi wawili tu. Nailoni ililegea kabla hatujamaliza kuikaza. Kano zilivuma kwa sauti nzito, lakini zilishuka sauti kila baada ya muda mfupi. Kwaya nzima ingepotea. Waya ulitoa sauti safi.

"Tufunge za kano, mayu," baba alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, kidevu amekiegemeza begani mwa besi. "Hizi zinanifikia."

"Zinashuka, baba. Pasaka ni kesho."

"Ule waya siusikii."

Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kupaza sauti nyumbani, nimechoka na safari, nimechoka kuwa mtu wa kuamua. Nikafunga waya, nyuzi zote nne, bila kumtazama.

Asubuhi alipiga bila kukosea hata mahali pamoja. Hakuondoa macho kwenye mkono wangu uliokuwa ukiongoza. Baada ya ibada watu walimpongeza mlangoni, naye aliwashukuru wote. Alisubiri watawanyike, ndipo akanisogelea.

"Mayu," aliniuliza, "besi ilisikika?"

Nikamwitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona aibu kama ile.