Nzembi na Wimbo Usiokuwa Tangazo

Nzembi alikuwa msusi pale Kawangware, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko vidole vyake. Mteja alisukwa huku akipewa rap bure. Jumapili alivuka hadi Mashimoni, Kibera, kwa Wekulo, fundi wa redio aliyemtengenezea midundo. Walipoanza, studio ziliwauliza wana nini la kusema. Kufikia 2007, swali lilikuwa kama wimbo utachezeka klabu.

Baada ya kura ya Desemba, mitaa ilishika moto na njia ikafungwa. Duka la Wekulo liliporwa, kisha likachomwa. Nzembi alijifungia ndani akitunga mistari kuhusu jirani yake Filister, aliyewaficha watoto wa kabila lingine chini ya kitanda chake.

Viongozi walipopatana mwisho wa Februari, wawili hao wakarekodi wimbo huo kwa vyombo vya kuazima. Redio moja ndogo ikaucheza, na haikuchukua muda kampuni ya sabuni ikamtuma Mourine, dada wa matangazo. Waliutaka kwa ziara yao ya amani. Ila jina la sabuni liingie kwenye kiitikio, na ubeti wa moto, uliowataja waliokufa mitaa ilipowaka, utolewe, maana ungewaharibia wateja raha.

Wekulo alikuwa tayari kukubali. Nzembi hakumlaumu, maana Wekulo hakuwa amebakiwa hata na bisibisi. Lakini alimgeukia Mourine.

"Sister, sabuni nitawaimbia, na nitaiimba poa. Lakini huu wimbo si tangazo. Kuna watu walikufa ndani yake."

Mourine akasema alitumwa wimbo, si kitu kingine. Basi Nzembi akaanza kurap kuhusu sabuni papo hapo: kola nyeusi, foleni ya maji, shati la kanisani. Mourine akacheka hadi akashika ukuta, akampigia bosi wake simu. Kampuni ikakubali kuchukua rap hiyo na kuuacha wimbo.

Tangazo lilivuma. Wekulo alifungua duka upya. Marapa wengine walimsema Nzembi kwamba amejiuza, naye akawajibu kwamba ile ni kazi kama kusuka, mradi asiwadanganye watu kuwa ni wimbo wa amani.

Stesheni kubwa hazikuucheza wimbo wenyewe. Aliupeleka mwenyewe Riruta Satellite, mtaa wa jirani, kwenye uwanja usio na bango hata moja. Wanawake walitoka saluni nywele zikiwa nusu zimesukwa. Alipofika ubeti wa moto, spika ya kuazima ikakatika sauti, akaumaliza kwa koo lake, na hakuna aliyeondoka.