Kiko cha Mama Mkwe Katika Soko la Bwera

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa askari wa soko pale Bwera. Usifikirie bunduki. Nilipewa kofia, filimbi na fimbo ya mwanzi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafukuza mbuzi kwenye mihogo ya watu na kuwatenganisha wanawake waliogombania mahali pa kukaa. Kazi yenyewe niliipenda. Kabla ya hapo nilikuwa mpakizi wa mizigo stesheni ya reli Kasese, ambako mgongo wangu uliteseka sana, kwa hiyo kupuliza filimbi kwangu kulikuwa mapumziko.

Msimu mmoja wa pamba, mtu ambaye hakujulikana alitupa kipande cha sigara karibu na lundo la pamba lililokuwa likisubiri lori. Moto ulishika. Tuliuzima kwa maji ya kuoshea samaki, na pamba iliyopona ilinuka samaki wa chumvi hadi ikaondoka. Chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alikuwa amesimama karibu, na cheche moja ikamtoboa suruali nyuma. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, ila lilikuwa mahali ambapo chifu hatakiwi kuwa na tundu.

Juma lililofuata alikwenda Kasese kwa shughuli zake. Huko, kwenye kituo cha petroli, aliona kibao chekundu kinachokataza sigara, akakipenda kibao kile kama mtu anavyopenda ng'ombe wa jirani. Alinakili maneno yote kwenye karatasi, akarudi Bwera, akampa fundi rangi kazi. Siku ya soko iliyofuata tulikuta kibao kimesimama langoni: USIVUTE SIGARA. ZIMA INJINI.

Ndani ya soko letu hapakuwahi kuingia gari. Malori yalisimama barabarani, ng'ambo ya ua wa matete. Wanawake waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kisha wakaniuliza wazime injini gani. Nilimpelekea chifu swali hilo. Akaniambia kwamba sheria haipunguzwi maneno.

"Kuanzia leo," akasema, "hakuna moshi ndani ya ua huu. Si kwenye pamba, si kwenye ndizi, si chini ya mti. Ukiona moshi, piga filimbi."

Yeye mwenyewe hakuvuta. Alikuwa mtu wa ugoro. Alinusa, akapiga chafya tatu, akaondoka ameridhika.

Siku za kwanza nilifanya kazi vizuri sana. Nilipiga filimbi mpaka mashavu yakauma. Wazee walizima sigara zao kwa kunung'unika, wakaziweka nyuma ya masikio. Mtu mmoja tu alinishinda, mwanajeshi aliyekuja kununua ndizi. Nilimwendea nikamwambia sheria. Alinipulizia moshi usoni, akasema, "Wewe! Rudia!"

Nikasema, "Jambo, afande. Ndizi ziko upande ule."

Huyo sikumhesabu. Shida yangu ya kweli ilishuka kutoka Kyarumba, kule mlimani, ikiwa na kikapu cha maharage kichwani na kiko mdomoni. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu milimani, wakati ule, mwanamume hakumkaribia mama mkwe. Hukumtazama usoni, hukula mbele yake, hukusema naye. Mkikutana njiani, mmoja aliingia migombani mpaka mwenzake apite, na kwa kawaida aliyeingia ni wewe. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka minne, na ningeulizwa sura ya mama yake ikoje, ningeeleza visigino tu, jinsi vilivyokuwa vikiondoka.

Basi alipoketi katikati ya soko na kuwasha kiko chake, mimi niliingia nyuma ya vitenge vya mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, nikajificha humo na filimbi yangu. Mama huyu wa Kikongo alikuwa mnene, Mkatoliki wa rozari shingoni, na aliuza vitenge na mafuta ya mawese.

"Unaficha nini humu? Uko na deni?"

"Yule anayevuta kiko ni mama mkwe wangu."

Alichungulia, akacheka hadi vitenge vikatikisika. Nilimsihi anisaidie kupeleka ujumbe. Alikubali, maana siku hiyo biashara ilikuwa imelala. Nilisimama hatua kama ishirini kutoka kwa mama mkwe, nikampa mgongo, nikasema kwa sauti, "Mwambie kwamba kuvuta hapa kumekatazwa."

"Mama," yule Mkongo akasema, "mukwe yako anasema hapa hawavutake."

Mama mkwe alijibu kwa Kikonzo, lugha yetu, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili: "Mwambie kibao nimesomewa. Kinakataza sigara. Mimi navuta kiko."

"Anasema ile iko kiko."

"Nimesikia. Mwambie moshi ni moshi."

"Anasema moshi ni moshi."

"Mwambie kwamba injini yangu imezimwa," mama mkwe akasema.

Soko zima lilicheka. Yule Mkongo akanigeukia na kusema, "Sasa wewe unasikia yeye, yeye anasikia wewe, mimi napayuka ya nini?" Akarudi kwenye vitenge vyake.

Kumbe wavutaji wote walikuwa wanatazama. Haikupita nusu saa, mzee mmoja akachukua kigoda chake akaenda kuketi kando ya mama mkwe, akatoa sigara nyuma ya sikio, akaiwasha huku akinitazama. Nikapiga filimbi. Hakujali. Akaja wa pili, wa tatu, na hadi saa nane mchana kulikuwa na wanaume kumi na mmoja wamemzunguka mama mkwe wangu, wote wakifuka moshi kama tanuri la matofali. Walikuwa wameelewa jambo moja: mimi sikuweza kufika pale. Aliponyanyuka kwenda kuwasalimia wauza chumvi, nao walinyanyuka na vigoda vyao wakamfuata, kama vifaranga nyuma ya kuku. Aliporudi, walirudi. Wengine walianza kumletea ndizi mbivu ili asichoke akaenda nyumbani mapema.

Nilimwomba mke wangu aseme na mama yake.

"Mshahara tunaupokea wawili?" akauliza.

"Hapana."

"Basi kazi yako ifanye mwenyewe."

Hali hiyo iliendelea siku nne za soko. Siku ya tano chifu akaja. Alisimama langoni, akaona wingu la moshi juu ya soko lake, akaniita.

"Nini kile?"

"Mzee, pale kati ni mama mkwe wangu."

"Sheria haina mkwe."

"Sheria haina, mzee. Mimi ninaye."

Alifikiri kidogo. Chifu naye alikuwa mtu wa huku, alijua desturi. Alinusa ugoro, akapiga chafya, na nadhani chafya ile ndiyo iliyomletea wazo. "Desturi inakukataza kumtazama," akasema. "Haikukatazi kwenda. Nenda kinyumenyume. Ukifika, piga filimbi, wale wazee watatawanyika, yeye atabaki peke yake. Mimi nitakuongoza."

Nilikuwa kijana, na kofia ile niliitaka. Nikageuka, nikampa soko mgongo, nikaanza kurudi nyuma. Chifu alisimama mbele yangu akinyoosha mikono kama utingo anayelirudisha lori.

"Rudi. Rudi. Kushoto kidogo. Kushoto kwako! Rudi."

Wavutaji nao, ambao hawakuwa na haraka ya kwenda popote, wakaanza kuongoza. "Kulia!" mmoja akasema. "Njoo, njoo, bado!" akasema mwingine. Wanawake waliacha kuuza. Mtoto mmoja alinguruma mdomoni sauti ya lori. Nilipita nyanya, nikapita vyungu, nikakanyaga kitu laini ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Chifu aliendelea, "Rudi, rudi," halafu chafya ikamshika. Akainama, akapiga moja, akapiga ya pili. Mimi sikuambiwa simama, nikaendelea. Ya tatu ilipotoka, kisigino changu kilikuwa kimegonga kikapu cha maharage, na nikaketi.

Niliketi mapajani mwa mama mkwe wangu.

Filimbi ilikuwa bado mdomoni, na kwa kuwa nilikuwa nikipumua kwa hofu, ilikuwa ikitoa sauti ndogo: fii, fii, fii. Kiko chake cha udongo kilianguka kikavunjika vipande viwili. Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya yule Mkongo kutoka kwenye vitenge vyake: "Yezu Maria! Amemukalia!"

Niliruka, nikakimbia, nikatoka kwa lango, nikapita kibao, na sikusimama mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshasikia kabla sijafika. Sijui habari ile ilipita njia gani. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, na haikuwa huzuni.

Jambo kama hilo halikuachwa hivihivi. Niliitwa Kyarumba kwenye baraza la ukoo wa mke wangu, nifike na mbuzi wa kusafisha aibu na kiko kipya. Chifu, nimpe haki yake, alitoa mbuzi, akikiri kwamba chafya ilikuwa yake. Alikuwa mbuzi mbishi. Njia ya Kyarumba ni mwinuko mtupu. Yule mnyama alipanda hatua mia moja, akalala. Nilimbeba shingoni hadi juu, naye akatafuna ukosi wa shati langu njia nzima. Mke wangu alitangulia na kiko kipya, na kila nilipomsikia akikohoa huko mbele nilijua kwamba anacheka.

Mzee wa ukoo, shemeji yake mama mkwe, ndiye aliyeongoza baraza. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mimi niliketi nje ya mlango, mama mkwe ndani, ukuta katikati yetu. Mashahidi walikuwa wawili, wote wavutaji.

"Alikaa kwa muda gani?" mzee akauliza.

"Muda mfupi," nikasema mimi.

"Hapana," akasema shahidi wa kwanza. "Alikaa kama mtu anayesubiri chai."

Wakabishana. Shahidi wa pili alisema muda ulitosha kuhesabu mpaka kumi. Wa kwanza akasema yeye alihesabu kumi na mbili. Mzee akaamuru waonyeshe. Basi shahidi mmoja akaketi mapajani mwa mwenzake, pale katikati ya baraza, huku mzee akihesabu kwa vidole, na alipofika nane kigoda kikavunjika, wote wawili wakaenda chini. Hapo ndipo kutoka ndani ya nyumba nilisikia kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Kilikuwa kizito, cha kukatika pumzi, kama cha mke wangu ila chenye umri.

Mzee akatoa uamuzi haraka. Mbuzi aliwe. Na kwa kuwa mkwe na mama mkwe walikuwa wamekwisha kukaribiana kuliko inavyowezekana, kuendelea kukimbiana kungekuwa mchezo wa kitoto. Tangu siku hiyo tungesemezana.

Nilisubiri. Nilikuwa na jasho, na shati lisilo na ukosi.

"Wewe uliye nje," mama mkwe akasema. "Unanisikia?"

"Ninakusikia, mama."

"Siku tano za soko mmenipigia filimbi, mmenisomea kibao, mmenitumia Mkongo, mmenitumia matako. Kuna hata mmoja wenu aliyeniomba?"

Nilitafuta kichwani. Kweli, hatukumwomba.

"Naomba, mama," nikasema. "Naomba usivute ndani ya soko. Pamba inashika moto haraka."

"Haya," akasema. "Nitavutia nje ya ua." Kisha akauliza kama nyama imeiva.

Ndivyo ilivyokwisha, na pia sivyo. Siku ya soko iliyofuata mama mkwe aliketi ng'ambo ya ua wa matete na maharage yake na kiko kipya. Wavutaji, ambao walikuwa wamemzoea, wakahamia huko. Muuza uji alifuata wavutaji, maana ndio waliokunywa uji. Wauza samaki walifuata uji. Yule Mkongo akasema hawezi kubaki peke yake kama mjane, akafunga vitenge vyake akaenda. Kufikia mwisho wa mwezi, ndani ya ua tulibaki mimi, kibao na pamba. Muuza ugoro naye alihama, kwa hiyo hata chifu ilimbidi atoke nje ya soko lake ili apige chafya.

Alilitazama jambo hilo kwa muda. "Unaona," akaniambia mwishowe, "hakuna anayevuta sokoni." Na kwa kweli hakuwa anadanganya.

Mvua zilipoanza, nje ya ua kuligeuka tope, na watu wakarudi ndani mmoja mmoja. Wavutaji walibaki upande wao kwa mazoea. Mama mkwe aliuza maharage ndani, akitaka kiko alitoka, akimaliza alirudi. Hakuna aliyempigia filimbi tena. Mara nyingi aliniita pale kwenye ua wa matete, mimi ndani yeye nje, akinieleza habari za Kyarumba: nani amepanda kahawa kwenye mpaka wa nani, ng'ombe yupi ana mimba, kuhani amehubiri nini na kwa nini alikosea. Nilikuwa nikisimama kwenye jua, mbuzi wanakula mihogo ya watu nyuma yangu, nami sikuweza kuondoka, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka nukta.