Mstari Niliouchora Bila Kupima

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali nyeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nyumbani Iguhu kila mtu alijua kwamba kampuni ya sukari imeniandika katika idara ya upimaji. Nami niliamini kwamba mpimaji ni mtu wa kukaa mezani. Mkuu wa Upimaji, mtu mfupi aliyevaa buti za mpira hata wakati wa kiangazi, alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Bwana Mkuu."

"Vizuri sana. Basi shika ncha ile iliyo kwenye matope."

Ilikuwa ncha ya mnyororo wa kupimia, vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa vikuku, ambao huvutwa kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Niliuvuta kutwa nzima. Suruali ile haikurudi kuwa nyeupe, lakini nilikuwa nimeipenda kazi.

Vijana wanaopita leo kati ya miwa huenda wakadhani iliota yenyewe. Kampuni haikupokea vishamba vidogo kimoja kimoja, kwa sababu trekta lilihitaji nafasi ya kugeuka. Majirani walitakiwa kuunganisha mashamba yao, na shamba hilo kubwa tukaliita bloku. Ili trekta lipite, mipaka yote ya ndani iling'olewa: ua, miti ya lusiola, hata vichuguu vya mchwa. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba mpaka uliotoweka ardhini umebaki kwenye ramani. Kwanza tulipima fungu la kila mtu, kisha tukalichora, kisha tukazika chuma kwenye pembe zake, chini kuliko jembe linavyofika. Ndipo trekta likaitwa.

"Mkulima amekupa mpaka wake mkononi," Mkuu wa Upimaji alizoea kutuambia. "Ukiuangusha, hana pa kwenda kuuokota."

Niliona nchi ikibadilika mbele ya macho yangu. Zamani palizi ilifanywa kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba akapika obusuma na ingokho, ugali na kuku. Miwa ilipoingia, palizi ikawa ya kulipwa kwa mstari, na ukataji kwa uzito wa mzigo. Kijana mwenye panga na mgongo mzuri aliweza kujenga nyumba ya mabati kabla hajaoa. Bei ya miwa ilipopanda, watu walipanda mpaka karibu na mlango wa jikoni, na mahindi yakawa kitu cha kununua sokoni kwa bei ya kuumiza. Hata hivyo barabara zilifunguliwa, na watoto wa wakata miwa walisoma Mukumu na Sigalagala. Barabara nyingi kati ya hizo nilizipima mimi, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Baada ya miaka michache nilipandishwa cheo, nikapelekwa upande wa Malava kuwa mpimaji wa bloku, mwenye ramani yangu na vijana wangu wa mnyororo. Huko ndiko nilikokosea.

Katika bloku moja palikuwa na Mama Rispa, mjane mwenye binti mmoja, na jirani yake Mzee Lihanda, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Mvua zilikuwa zinakaribia. Msimamizi wa Eneo, aliyekuwa mkubwa wangu, alikuja na matrekta siku tatu kabla ya siku tuliyopanga.

"Yako tayari mashamba haya?" aliniuliza.

Nilikuwa nimepima mzunguko wa nje tu. Mipaka ya ndani nilikuwa nimeipita kwa hatua za miguu. Lakini nilikuwa kijana mwenye cheo kipya, na sikutaka jina la mtu anayechelewesha matrekta.

"Yako tayari, Bwana Msimamizi."

Mama Rispa alisimama mbele ya trekta la kwanza, jembe lake la mkono begani.

"Mulembe, mwanangu. Mpaka wangu umeuandika?"

"Nimeuandika, Mama. Uko kwenye karatasi."

Haukuwa kwenye karatasi. Alisogea kando kwa sababu ya neno langu, na trekta likapita. Wiki iliyofuata nikiwa ofisini nilichora mstari kati yake na Lihanda kwa kukumbuka hatua zangu. Mstari ulinyooka vizuri sana, na mkubwa wangu akausifu.

Miwa ilikua, ikafika siku ya kuvunwa. Wakataji walifuata ramani, miwa ya kila fungu ikihesabiwa kwa mwenyewe, na Mama Rispa akaja mbio.

"Hapo mnapokata ni kwangu! Hapo nilikuwanga na maharagwe!"

"Shemeji, maharagwe yako yameliwa kitambo," Lihanda akamjibu, na wakataji wakacheka. "Muulize huyu msomi. Karatasi inasema nini?"

Nilifungua ramani mbele yao. Nilisema ramani inasema ni kwa Lihanda. Nilijua jinsi nilivyoichora, na bado nilisema hivyo. Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa, ila ndicho kilichokuwa kikimlisha Mama Rispa na binti yake. Tangu siku hiyo mama na binti waliitwa wanyang'anyi wa mashamba, na binti akaacha shule, akaanza kupalilia mistari ya watu wengine ili wapate unga.

Mvua za masika zikaja, machipukizi ya miwa yakiwa bado mafupi. Mchana mmoja, mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini katikati ya fungu la Lihanda, wengi kama moshi. Trekta lilikuwa limesawazisha kichuguu kilichokuwa hapo, lakini mchwa wa chini hawakufa. Huku kwetu kichuguu kina mwenyewe, na hakuna anayekusanya kumbikumbi wa mwenzake. Mama Rispa alifika na ungo wake, akainama, akaanza kukusanya. Wazee walitazamana. Kila mmoja alijua kichuguu kile kilikuwa cha nani, na kwamba kilikuwa hatua kadhaa ndani ya mpaka wa Mama Rispa.

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Mzee mmoja alisema, "Sisi tulionanga marehemu mume wake akitega hapo kila mwaka."

"Kumbikumbi hawana cheti," Lihanda akadakia. "Tangu lini mdudu akawa mpimaji?"

Watu walicheka. Naibu wa chifu aliinua mkono. "Serikali inasoma karatasi. Kama karatasi ni sawa, Mama Rispa atakaa kimya, na kesi itakuwa imekwisha. Bwana mpimaji, karatasi ni sawa?"

Msimamizi wa Eneo alikuwa ameketi karibu nami. Mama Rispa hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja kusikia ni saa ngapi.

"Si sawa," nikasema. "Mstari huu niliuchora mezani. Sikuupima. Siku ya trekta nilimwambia Mama uongo."

Hakuna aliyecheka. Lihanda alivua kofia, akaisugua magotini, akasema taratibu, "Basi mimi pia nilijua, kidogo." Mpaka ulipimwa upya siku ileile kwa kufuata kichuguu na kumbukumbu za wazee, na chuma kikazikwa kwenye pembe zote.

Msimamizi wangu aliniita kando. "Kusema umesema vizuri. Lakini kesho utarudi kushika mnyororo."

Nilirudi, chini ya kijana niliyemfundisha mwenyewe, nikakaa huko miaka mingi. Niliporudishiwa cheo, hakuna trekta lililoingia katika bloku yangu kabla ya vigingi vya ndani, hata mkubwa apige kelele namna gani. Walinipa jina la Bwana Ngoja. Nalipenda jina hilo kuliko cheo chochote nilichopewa. Ila sijidanganyi: ukweli niliusema kwa kuwa niliulizwa, na karibu miaka miwili nilikuwa nimenyamaza. Kimya hicho ndicho kilichomtoa binti wa Mama Rispa shuleni. Hakurudi tena shule. Hilo sikuweza kulipima upya.

Nilistaafu, nikarudi Iguhu kulima mboga. Bei ya miwa ilikuwa imeanza kusuasua, na watu wengi walikuwa wakivunja bloku ili kila mmoja apande atakacho. Siku moja nililetewa ujumbe kutoka Malava: Mama Rispa anagawa shamba lake, naye amesema atakayepima ni mimi.

Nilimkuta amezeeka, ana fimbo. Nikamwambia aketi kivulini, vijana niliokuja nao wangemwonyesha kila kigingi baadaye.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Wewe nakuamini. Lakini nitatembea na wewe."

Tulizunguka shamba lote, yeye na fimbo yake, mimi na mnyororo, pembe kwa pembe. Katika kila pembe nilisimama nikangoja mpaka amefika, ameinama, amekigusa kigingi kwa mkono wake mwenyewe.